Kupima Uvuvi wa Samoni: Mwongozo kwa Anayeanza

Samoni wa Atlantiki akishaingia mtoni kutoka baharini huacha kula. Tumbo lake hunywea, na kwa miezi kadhaa huishi kwa mafuta aliyojiwekea akiwa katika bahari ya Greenland au karibu na Visiwa vya Faroe, mpaka wakati wa kutaga mayai ufike. Mvuvi anayesimama katika mto Tay, Tweed, Dee au Spey huko Uskoti anamvua samaki asiye na njaa, na hapo ndipo ufundi huu unapoachana na uvuvi mwingine wa mshipi. Samoni hukidaka chambo cha manyoya kwa hasira, kwa mazoea aliyotoka nayo baharini, au kwa sababu ambayo wataalamu hawajakubaliana. Anaweza kukiacha kikapita mara hamsini, kisha akakinyakua mara ya hamsini na moja.

Kwa sababu hiyo idadi ya samaki ni kipimo kibaya cha ufundi. Fundi wa miaka mingi huweza kumaliza wiki nzima bila kuguswa, na mgeni akapata samaki asubuhi yake ya kwanza. Kipimo cha haki ni namna chambo kinavyopita mbele ya samaki: kwa kasi gani, kwa kina gani, kwa utulivu gani. Ufito, mshipi, mtupo na hata namna ya kutembea majini vyote vinautumikia mpito huo, na vyote hupimwa kwa kuuangalia.

Samaki mwenyewe ajulikane kwanza. Samoni jike hutaga katika changarawe za mtoni mwishoni mwa mwaka, hasa Novemba na Desemba, akichimba kishimo kwa mapigo ya mkia. Mayai huanguliwa majira ya kuchipua. Katika mito ya Uskoti vifaranga hukaa mtoni miaka miwili au mitatu hivi, kisha hugeuka rangi ya fedha na kushuka baharini. Wengine hurudi baada ya kupitisha kipindi kimoja tu cha baridi baharini, wakiwa na kilo mbili au tatu. Wengine hukaa vipindi viwili au zaidi na kurudi wakiwa wakubwa. Wengi huurudia mto ule ule waliozaliwa, wakiongozwa na harufu ya maji yake. Samoni wa kufugwa anayeuzwa katika maduka makubwa na hoteli za Nairobi au Dubai kwa kawaida ni wa aina hii hii, ila amelelewa katika vizimba vya baharini, wala maisha yake hayamfundishi mvuvi lolote kuhusu yule wa mtoni.

Samaki wa majira ya kuchipua ndio wanaothaminiwa kuliko wote, kwa unene wao na kwa uchache wao. Hata hivyo Februari na Machi ni miezi migumu kujifunzia. Maji ni baridi, mshipi lazima uzame, na mikono hufa ganzi. Mei na Juni humfaa zaidi anayeanza, kwani wakati huo mshipi unaelea juu, macho yanaona unachofanya, na kosa linajionyesha papo hapo.

Kusoma mto ni somo la kwanza, na hupimwa kabla ufito haujaunganishwa. Mvuvi mzuri hufika ukingoni na kusimama. Hutafuta lindi, yaani sehemu yenye kina iliyo baina ya maji mawili ya kasi, na ndani yake hutafuta mahali samoni anapopumzika: mbele au nyuma ya jiwe kubwa, kando ya mkondo mkuu, au kwenye mkia wa lindi pale maji yanapoanza kuwa haba kabla hayajamiminika tena. Samoni hapendi maji yaliyolala, wala hakai katika gharika. Maji yenye kina cha mita moja hadi mbili na nusu, yanayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, ndiyo yanayostahili muda wa mvuvi. Siku bora huja baada ya mvua kubwa, mto ukiwa umeanza kupungua na kutakata.

Anayeanza hujifichua kwa miguu. Huingia majini mpaka kiunoni pale pale samaki walipolala, kisha anatupa mshipi mbali kuwatafuta. Mvuvi aliyefundishwa vizuri huanza kwa mshipi mfupi akiwa ukingoni, na huingia majini ikiwa tu mtupo unamlazimu. Hutembea kwa kukokota mguu mmoja baada ya mwingine, fimbo ya kujiegemeza ikiwa upande wa juu wa mto, jaketi la kujiokoa likiwa mwilini. Maji yakipita mapaja, huyo amekwenda mbali kuliko inavyohitajika kwa mwanafunzi.

Ufito wa samoni hushikwa kwa mikono miwili na kwa kawaida huwa na urefu wa mita nne hadi nne na nusu. Zamani ulichongwa kwa mbao ngumu nzito, baadaye kwa vipande vya mwanzi vilivyogundishwa, na tangu miaka ya 1970 nyuzi za kaboni zimechukua nafasi. Ubora wake hautambuliwi kwa kuutikisa dukani. Ufito mzuri hupinda mpaka karibu na mpini unapobeba uzito wa mshipi, kisha hunyooka na kutulia mara moja. Ule mbaya huendelea kutetemeka kwenye ncha, na mtetemeko huo huonekana kama mawimbi katika mshipi unaoruka. Maungo yake yaingiane bila kulegea, pete zake ziwe katika mstari mmoja, na rili, kile kigurudumu kinachokunja mshipi, ikishafungwa, ufito ukae sawa juu ya kidole kimoja mahali mkono wa juu unaposhika.

Hata hivyo mshipi una uzito zaidi katika hukumu kuliko ufito. Mshipi wa samoni una sehemu nene ya mbele inayoitwa kichwa, na uzito wa kichwa hicho ndio unaoupinda ufito. Ufito wa bei ya kati uliopewa kichwa cha uzito wake utaushinda ufito wa kifahari uliopewa kichwa kisicholingana nao. Kwa anayeanza, kichwa cha mita 12 hadi 16 kinachoelea kinatosha: kifupi mno hurushwa kwa urahisi lakini humfundisha papara, kirefu mno humkatisha tamaa. Mwisho wa kichwa hufungwa uzi wa nailoni unaokaribia urefu wa ufito, wenye nguvu ya kilo sita hadi nane. Wanaojisifu kwa uzi mwembamba humchosha samaki bila sababu. Fundo lilowanishwe kwa mate kabla ya kukazwa, maana nailoni kavu huungua kwa msuguano na kudhoofika, kisha livutwe kwa nguvu. Likikatika mkononi, limekatika mahali salama. Rili hupimwa kwa kuvuta mshipi polepole kwa mkono. Breki yake ianze kuachia bila kushtuka, kwa kuwa mshtuko huo mdogo ndio unaokata uzi samoni anapokurupuka, na nyuma ya mshipi kuwe na akiba ya kamba nyembamba isiyopungua mita 150.

Mtupo unaofundishwa leo karibu kila mahali samoni anapovuliwa ulipata jina lake kwenye mto Spey katikati ya karne ya 19. Kingo za mto huo zina miti na miteremko inayokuja hadi majini, na mvuvi hana nafasi ya kuurusha mshipi nyuma yake. Wavuvi wa huko wakabuni namna ya kuutupa bila kuupeleka nyuma: mshipi huinuliwa kutoka majini, ncha yake hugusishwa tena juu ya maji kando ya mvuvi, na sehemu iliyobaki hufanya tao nyuma ya ufito lenye umbo la herufi D. Kisha ufito hupelekwa mbele, na tao hilo ndilo linaloupinda na kuupa nguvu.

Anayetaka kuupima mtupo huu aangalie nanga, yaani kile kipande cha mshipi na uzi kinachogusa maji. Nanga nzuri hutua kando ya mvuvi, umbali unaokaribia urefu wa ufito, ikielekea upande chambo kinakopelekwa. Ikiwa mshipi mwingi mno umelala majini, hunata, na mtupo huanguka kwa uvivu nusu ya njia. Ikiwa nanga imeng'oka kabla ya wakati, husikika mlio mkali wa mjeledi nyuma, na mara nyingi chambo hukatika. Ikiwa imetua mbali na kuelekea kwingine, nguvu za mvuvi huenda upande mmoja na mshipi upande mwingine. Makosa yote matatu yanaonekana na kusikika kutoka ukingoni, hata na mtu asiyewahi kushika ufito.

Baada ya nanga iangaliwe mikono. Wageni husukuma kwa mkono wa juu, kwa nguvu za mabega, na ncha ya ufito huchora duara. Mshipi hufunguka kwa tao pana linalovunjwa na upepo wowote. Fundi huvuta kwa mkono wa chini kuelekea tumboni huku wa juu ukiongoza tu. Huanza polepole, huongeza kasi, na kusimamisha ufito ungali juu. Tao la mshipi hutoka jembamba, hufunguka hadi mwisho, na chambo hutua kikiwa mbele ya kila kitu, uzi umenyooka. Mita 20 zilizonyooka ni mtupo mzuri. Mita 35 zinazotua kwa vikunjo ni mtupo mbaya, maana chambo kitakaa bila uhai mpaka mkondo uvinyooshe vikunjo hivyo, na kwa wakati huo kimekwisha kumpita samaki.

Kuna pia suala la upepo, nalo ni la usalama. Upepo ukivuma kutoka chini kwenda juu ya mto, nanga huwekwa upande wa juu wa mvuvi. Ukivuma kuelekea chini, nanga huwekwa upande wa chini. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza mitupo miwili tangu mwanzo, mmoja kwa kila upepo. Anayejua mmoja tu, siku upepo ukigeuka, ndoana humjia usoni. Miwani ya kukinga macho haivuliwi na mtu mzima wala mtoto akiwa na ufito mkononi.

Chambo kikishatua, kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Hutupwa kuelekea ng'ambo na chini kidogo, pembe ya takriban digrii 45, na mkondo hukibeba kukivusha mto mpaka kining'inie chini ya mvuvi. Tatizo ni kwamba maji ya katikati huenda kwa kasi kuliko ya kando. Huusukuma mshipi mpaka ufanye tao kuelekea chini, na tao hilo hukiburuta chambo mbiombio kuvuka lindi. Samoni hukiona kitu kinachokimbia kwa namna ambayo hakuna kiumbe cha mtoni kinachokimbia. Dawa yake ni kuupindua mshipi kuelekea juu ya mto kwa mzunguko mdogo wa ncha ya ufito, mara tu baada ya kutua, ili mkondo uanze upya kuusukuma. Mtu aliyelifanyia kazi jambo hili kuliko wengine alikuwa Arthur Wood wa Cairnton, kwenye mto Dee, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Aliupaka mafuta mshipi wake wa hariri ili uelee na aweze kuupindua, na njia yake ilielezwa katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1935. Mishipi ya leo huelea yenyewe, lakini hoja yake haijapungua hata kidogo.

Mpito mzuri una alama zake. Mshipi juu ya maji hauna tao kubwa. Ncha ya ufito hukifuata chambo polepole, haikitangulii. Kasi yake haibadiliki ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine, na katika maji baridi huwa ndogo zaidi, kwa kuwa samaki mwenye baridi hakimbilii kitu. Mwishoni chambo huachwa kining'inie sekunde kadhaa kabla ya kuvutwa, maana samoni aliyekifuata huweza kukidaka hapo. Kisha mvuvi hupiga hatua moja au mbili kwenda chini na kutupa tena, hivyo hivyo mpaka mwisho wa lindi. Asiyepiga hatua huwaonyesha samaki wale wale chambo kile kile, na pia humzuia anayemfuata. Adabu ya mtoni inataka anayekuja aanze nyuma ya aliyetangulia, na wote wasogee.

Joto la maji ndilo linaloamua kina. Chini ya nyuzi 10 hivi, mshipi unaozama au wenye ncha inayozama hukipeleka chambo karibu na samaki. Juu ya hapo, mshipi unaoelea unatosha, kwani samoni huwa tayari kupanda. Mvuvi asiye na kipimajoto mfukoni anabahatisha.

Chambo chenyewe hutengenezwa kwa manyoya, nywele za wanyama na nyuzi zinazong'aa, zikifungwa juu ya ndoana au juu ya kibomba chembamba. Mwaka 1895 George Kelson alitoa kitabu chake The Salmon Fly, chenye mapishi ya vyambo vilivyohitaji manyoya ya ndege wa nchi za mbali. Vyambo vya namna hiyo ni kazi ya sanaa inayostahili heshima, na bado wapo wanaovifunga kwa ajili ya fremu za ukutani. Vya mtoni leo ni sahili zaidi: Willie Gunn, Cascade, Ally's Shrimp, Sunray Shadow. Ubora wake haupimwi vikiwa vikavu. Vitiwe katika beseni la maji na kuvutwa: nywele chache zilizofungwa vizuri hucheza na kupumua, nyingi zilizosongamana huwa kijiti. Kichwa cha chambo kiwe kidogo, kimefunikwa kwa vanishi isiyo na ufa, na ncha ya ndoana ikikokotwa juu ya ukucha ikwame badala ya kuteleza. Maji ya baridi na mengi hutaka chambo cha sentimita tano au zaidi. Ya kiangazi na machache hutaka kidogo cha sentimita mbili. Vyambo vitano vinamtosha mwanafunzi mwaka mzima, na sanduku lililojaa humpotezea muda wa kuvua.

Samoni akidaka, jambo gumu kuliko yote ni kutofanya lolote. Mkono ukiuinua ufito mara moja, ndoana hutoka mdomoni ungali wazi. Samaki aachwe ageuke na chambo, avute mshipi kutoka kwenye rili, na mshipi ukiwa unakwenda kwa uzito usiokatika, hapo ufito huinuliwa kwa utulivu. Ndoana ikionekana baadaye imeingia kwenye pembe ya taya, mvuvi alisubiri ipasavyo. Waliojifunzia kwa trauti hupata shida zaidi hapa. Mito ya Aberdare nchini Kenya ina trauti wa kahawia, ndugu wa karibu wa samoni, tangu Ewart Grogan alipoleta mayai yao kutoka Uskoti na kuyapandikiza katika mto Gura mwaka 1905. Trauti anayedaka mdudu juu ya maji hutaka mkono mwepesi, na mkono huo ukipelekwa kwa samoni humpoteza. Kwa mengine yote mito hiyo ni shule nzuri, kwani kingo zake zenye msitu hudai mitupo isiyokwenda nyuma.

Pambano zuri ni fupi. Tarehe 7 Oktoba 1922 Georgina Ballantine alimvua katika mto Tay samoni wa kilo 29, ambaye bado ni rekodi ya Uingereza kwa ufito, baada ya kushindana naye takriban saa mbili giza likiingia. Zana za wakati ule zilidai hivyo. Kwa zana za leo samaki wa kawaida anapaswa kufikishwa wavuni kwa dakika chache, ufito ukivutwa upande na chini ili kumyumbisha, mvuvi akishuka ukingoni kuwa sambamba naye badala ya kumburuta dhidi ya mkondo.

Samaki akiwa wavuni hutambuliwa hali yake. Aliyetoka baharini karibuni ni wa fedha inayong'aa, magamba hutoka kwa kuguswa, na pengine bado ana chawa wa baharini wenye mikia mirefu, ambao hudondoka baada ya siku chache katika maji baridi ya mto. Aliyekaa muda mrefu huwa mwekundu wa shaba, na taya la chini la dume hupinda kama ndoana. Wa mwanzo wa mwaka aliyekwisha kutaga huweza kumdanganya mgeni kwa weupe wake, lakini ni mwembamba, kichwa kikubwa kuliko mwili, mapezi yamechanika, na huyo sheria inataka arudishwe. Samoni hushikika barabara kwenye shina la mkia. Trauti wa baharini, anayefanana naye, huteleza hapo.

Siku hizi zaidi ya tisa kati ya kumi ya samoni wanaovuliwa kwa ufito Uskoti hurudishwa majini, na uachiaji umekuwa sehemu ya ufundi inayopimwa kwa ukali kuliko nyingine. Ndoana iwe haina kijimwiba cha nyuma, wavu usiwe na mafundo, mikono ilowe. Samaki abaki majini akitazama mkondo, picha ichukuliwe akiinuliwa kidogo kwa sekunde chache au isichukuliwe kabisa, na ashikiliwe mpaka aondoke kwa nguvu zake. Maji yakifika nyuzi 20 mvuvi mwadilifu hufunga ufito, kwani samaki aliyechoka katika maji ya joto hufa hata akiachiwa. Mwishoni mwa 2023 samoni wa Uingereza aliwekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Uvuvi usiouzingatia ukweli huo hauwezi kuitwa mzuri, hata mtupo ungekuwa wa kupendeza namna gani.

Sheria za Uskoti zijulikane kabla ya safari. Hakuna leseni ya serikali ya ufito, ila ruhusa ya mwenye haki ya kuvua katika kipande husika cha mto ni lazima. Tangu 2016 mito hupangwa kila mwaka katika madaraja matatu, na katika daraja la tatu kila samoni lazima arudishwe; kabla ya Aprili hurudishwa katika mito yote. Kuuza samoni aliyevuliwa kwa ufito ni marufuku tangu 2002, na Jumapili samoni havuliwi kabisa. Tay hufunguliwa 15 Januari na kufungwa 15 Oktoba; Dee ni 1 Februari hadi 15 Oktoba; Spey 11 Februari hadi 30 Septemba; Tweed 1 Februari hadi 30 Novemba.

Vipande vingi vya mito hiyo vina mwongozaji, mtu anayejua kila jiwe lilipo. Anayestahili kusikilizwa hutambulika kwa kumtazama mwanafunzi akitupa kabla ya kusema lolote, na kwa kumrekebisha kosa moja kwa wakati. Ufito, rili na mavazi ya majini huweza kukodishwa kwa siku, kwa hiyo fedha ya kwanza ya anayeanza itumike kumlipa mwalimu. Zana anunue baada ya kujua mtupo wake unataka nini.